Mjomba Kauko na Toleo Jipya

Tampere, 14 Septemba

Mjomba Kauko,

Natumaini barua hii inakukuta na kikombe cha kahawa mkononi na soksi kavu miguuni. Sisi huku hatujambo. Mama amehamishiwa chumba cha upande wa mashariki pale kwenye nyumba ya wazee, na analalamika kwamba jua linamwamsha kabla hajamaliza ndoto zake. Nikimwambia afunge pazia, anasema pazia lina harufu ya watu wengine. Anakusalimu, na amesema nikuulize kama bado unavaa ile sweta ya kijani. Kama unaivaa, uichome. Mbwa wangu Nuppu ametimiza miaka saba na sasa anatembea kwa madaha kama mkuu wa ofisi. Ananiongoza vizuri, isipokuwa tukipita duka la samaki. Hapo mimi ndiye ninayemwongoza.

Kazi ni ileile. Madaktari wanasema maneno yao kwenye rekoda, mimi navaa visikizio nayachapa. Mwezi huu wamenipa wagonjwa wa macho. Nilicheka kidogo peke yangu, halafu nikazoea.

Sasa jambo lenyewe. Toleo jipya la Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, limetoka, na kila asubuhi mashine yangu inaniuliza, kwa sauti yake ya upole, kama nataka kuhamia. Kila asubuhi nabonyeza "baadaye". Unakumbuka mara ya mwisho, miaka minne iliyopita. Nilibonyeza ndiyo, nikaenda kupika uji, niliporudi mashine ilikuwa bubu. Ilikaa hivyo siku tatu. Skrini ilikuwa imejaa maandishi ambayo mtu yeyote angeyasoma, ila mimi. Nilikaa mbele yake kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua kabisa ina watu. Ukapanda treni ukaja, ukanywa vikombe sita vya kahawa, ukafungua hiki na kile, sauti ikarudi.

Safari hii wanasema sehemu nzima inayobeba sauti imebadilishwa. Nihame au nibaki? Na nikihama, utakuja?

Niambie dirishani kwako kuna nini. Huku nasikia majani yameanza kukauka. Yanakwaruza lami.

Marjukka wako


Kurkilampi, 2 Oktoba

Marjukka mpwa wangu,

Salamu zako zimefika, na za mama yako pia. Mwambie dada yangu kwamba sweta nimeivaa sasa hivi ninapoandika. Mimi mzima. Magoti yananiuliza maswali nikipanda ngazi, lakini siyajibu. Jirani yangu Raili bado ananiletea pai za wali kila Jumamosi, na bado anasimama mlangoni dakika ishirini akieleza kwamba hana muda wa kuingia.

Kuhusu toleo, ngoja. Nimepanda nguzo za simu miaka thelathini na minane, na kamwe sikukubali kuwa wa kwanza kupanda nguzo mpya. Toleo jipya ni kama sauna iliyojengwa jana. Wacha wengine waingie, tuone nani anatoka akikohoa. Watu watalalamika, waundaji watarekebisha, na baada ya miezi kadhaa litakuwa limetulia. Toleo ulilonalo litaendelea kupewa marekebisho ya usalama hadi mwisho wa Aprili. Hakuna anayekukimbiza. Ila weka nakala rudufu ya faili zako, na hilo lifanye leo.

Dirishani: ziwa limetulia kiasi kwamba hujui lilipoishia na mbingu ilipoanzia. Batamaji saba wamekaa katikati yake kama barua ambazo hazijafunguliwa. Ile miti miwili ya magome meupe kando ya gati imegeuka dhahabu. Wa kushoto umemwaga majani ya upande mmoja tu, kama msichana aliyechana nywele nusu kisha akaitwa. Upepo ukija, dhahabu yote inashuka majini na batamaji wanaipita bila kugeuka.

Mjomba wako


Tampere, 20 Oktoba

Mjomba,

Asante kwa batamaji. Nimewasikiliza mara tatu. Mama amefurahi kusikia habari za sweta, yaani amekasirika, ambako kwake ni kitu kimoja. Anakohoa kidogo lakini anakula. Jana alimfundisha muuguzi namna ya kutandika kitanda.

Nakala rudufu nimeweka. Lakini mambo yamebadilika kidogo. Kampuni ninayoichapia imetuandikia kwamba kuanzia tarehe moja Mei, mashine isiyopata marekebisho ya usalama haitaruhusiwa kuingia kwenye mtandao wa hospitali. Wamesema watanipa mashine yao, yenye mfumo mwingine na sauti nyingine. Niliijaribu siku moja ofisini, nikahisi nimevaa viatu vya mtu nisiyemjua. Sauti yangu hii nimekaa nayo miaka kumi na saba. Ndiyo iliyonisomea barua ya mume wangu alipoamua kuondoka, kwa upole uleule inaosomea orodha ya mboga. Siku ile upole ule ulinisaidia.

Kwa hiyo sitangoja mpaka Aprili nikiwa na roho mkononi. Uje Novemba, mjomba, kabla barabara hazijaganda. Kitanda cha sebuleni kipo, na nitaoka mikate ya iliki. Kukusumbua sipendi, unajua. Lakini siwezi kubonyeza ndiyo nikiwa peke yangu.

Marjukka


Kurkilampi, 29 Novemba

Mpwa wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Salamu kwa mama yako na kikohozi chake. Huku wawindaji wameshamaliza msimu, na Raili aliniletea aliniletea kipande cha nyama ambacho bado nakitafuna.

Novemba nimeshindwa, kama unavyoona imekwisha. Kwanza mgongo. Halafu kuni, maana nilikuwa na rundo zima halijapasuliwa. Halafu treni ya kuja kwako kupitia Kuopio siku hizi ina mageuzi ya njiani, unashuka hapa unapanda pale, mambo ya vijana. Tuseme Januari. Bado kuna muda, na toleo lenyewe litakuwa limekomaa zaidi. Nimesoma kwamba watu kadhaa wamepoteza sauti baada ya kuhama. Usiguse.

Dirishani: ziwa limeganda. Kwanza lilikuwa jeusi kama kioo cha usiku, sasa limevaa theluji theluji. Baridi ya mwaka huu ni ya ajabu, Marjukka. Imepinda vitu. Mbao za gati zimejikunja kama utepe. Zile nguzo za simu kando ya barabara, nilizozisimamisha mwenyewe mwaka wa sabini na tisa, zinainama moja baada ya nyingine kama wanawake wanaochuma matunda msituni, na nikizitazama sana zinaonekana kama zinatembea. Ile miti miwili imesimama mitupu, wa kulia na wa kushoto, na kati yao mwezi unapita polepole kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Mimi nakaa kwenye kiti changu nazitazama nguzo zikienda zake. Hazisumbui. Ni nzuri, hata.

Mjomba


Tampere, 8 Januari

Mjomba Kauko,

Heri ya mwaka mpya. Mama alipata lozi kwenye uji wa Krismasi, hivyo mwaka mzima bahati ni yake, na ameshatangaza kwamba hatamgawia mtu. Nuppu aliugua tumbo kwa siku mbili, sasa amepona. Meza niliiandaa kwa watu wawili mpaka siku ya tatu baada ya sikukuu, maana hukusema huji. Ulikuwa umesema tu "tuseme Januari", nami nikajidanganya kwamba ungenishtukiza.

Kuna jambo sitaki kuliandika, lakini nisipoliandika litanisonga. Raili alimpigia mama simu ya Krismasi. Wakaongea habari za huko, na Raili akasema ule mti wa kushoto uliangushwa na dhoruba ya Agosti, ukavunja nusu ya gati. Agosti, mjomba. Wewe Oktoba uliniambia umemwaga majani upande mmoja kama msichana aliyechana nywele. Novemba uliniambia mwezi unapita kati ya miti miwili.

Nilipokuwa mtoto nilikuwa nakuuliza dirishani kuna nini, na wewe ulikuwa unaacha chochote ulichokuwa ukifanya, unasimama, unatazama. Nilikuwa nasikia kiti kikisogezwa. Nilijua unatazama kweli. Kama sasa umechoka, ungesema tu umechoka. Kunitungia hakukuwa na haja.

Habari za toleo sitakuuliza tena leo.

Marjukka


Kurkilampi, 3 Februari

Marjukka,

Salamu. Wote wazima.

Mti ulianguka. Nilisahau. Mtu wa miaka sabini na tatu husahau.

Kuhusu hilo toleo, tafuta mtu wa hapo mjini. Wapo wengi wanaojua kuliko mimi. Sitakuja, si Februari wala Machi, na naomba usiniulize sababu.

Dirishani kuna ukungu. Umekaa katikati tu, umbo la yai. Pembeni ziwa lipo.

Kauko


Tampere, 11 Februari

Mjomba wangu,

Leo sina salamu ndefu. Mama mzima, Nuppu mzima. Nisikilize.

Jana nilikuwa kazini, nachapa kama kawaida. Daktari, sijui wa hospitali gani, alikuwa anaeleza habari za mgonjwa ambaye simjui na siruhusiwi kumjua. Alisema mgonjwa anaona mistari iliyonyooka kama imepinda. Ilianza kwenye fremu ya mlango, halafu uzio. Akasema katikati ya macho pana kivuli na pembeni anaona vizuri. Sentensi za namna hiyo nimezichapa tangu Septemba, labda mara mia mbili. Vidole vyangu vinazijua kuliko mimi. Lakini jana vilisimama.

Nikavua visikizio. Nikafungua barua zako zote, nikaiomba sauti inisomee polepole. Gati lililojikunja kama utepe. Nguzo zinazoinama. Maneno uliyoyaandika mara mbili. Ukungu umbo la yai.

Baridi haipindi nguzo, mjomba. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo.

Nilikasirika nikidhani umechoka kutazama. Nisamehe kwa ile barua ya Januari, ilikuwa ya mtu aliyejua nusu ya habari. Sasa nakuuliza swali moja, na sitakuuliza lingine: unaona nini?

Na kabla ya kunijibu, nenda hospitali. Iwe wiki hii, usingoje mwezi ujao. Kuna aina ya ugonjwa huu ambayo wakiiwahi wanaizuia, na wakichelewa hawana la kufanya. Nachapa yote mawili kila siku, na najua namna sauti ya daktari inavyobadilika kati ya moja na nyingine. Raili ana gari. Mwambie Raili.

Ningekupigia simu, ila najua utaiacha ilie. Kwako simu ni ya kutangazia misiba, japo umeila mishahara yake maisha yako yote.

Wako, kama siku zote,
Marjukka


Tampere, 29 Machi

Mjomba mpendwa,

Karibu wiki saba sijapata neno. Mama alimpigia Raili, na Raili akasema tu, "Yupo, anakula, mwacheni kidogo." Kwa hiyo nakuacha kidogo. Nakuandikia bila kungoja jibu, kama watu wanaoongea na mtu aliyelala kwenye chumba cha pili.

Huku theluji inadondoka kutoka kwenye mapaa tangu alfajiri mpaka jioni. Mji mzima unasikika kama saa nyingi ambazo hazijakubaliana. Mama ameanza kusuka kitu, hataki kusema ni nini. Nahofia ni sweta.

Nimehama, mjomba. Jumamosi iliyopita, asubuhi, baada ya uji.

Niliweka nakala rudufu mbili, moja nikaipeleka kwa jirani wa chini kana kwamba nyumba ingeungua. Nuppu akalala juu ya miguu yangu. Nikabonyeza ndiyo. Sauti ikawa inanitajia asilimia, kumi na moja, kumi na mbili, kwa utulivu kama inahesabu kondoo. Kuna wakati iliniuliza kama nataka kubaki na faili yangu ya zamani ya mipangilio au nichukue mpya, nikabaki na yangu. Mbele kidogo ikauliza tena, nikachukua mpya. Sijui kwa nini. Nilihisi ni haki kugawana. Saa mbili zikapita hivyo. Nilikuwa nusu macho nusu ndotoni, nikaona, mimi ninayesema kuona, kwamba nimekaa kwenye treni ya mizigo na mabehewa yanabadilishwa moja moja huku tunakwenda.

Kisha ikasema itajizima na kujiwasha. Ikajizima. Ikajiwasha. Kimya.

Nilingoja. Kimya kile nilikijua, nilikuwa nimekutana nacho miaka minne iliyopita. Simu ilikuwa mfukoni na namba yako iko kwenye vidole vyangu. Sikupiga. Niliweka mikono mezani nikakumbuka ulivyokuwa ukifanya. Hukuwahi hata siku moja kusema "imekufa". Ulikuwa unasema, "Haya, iko wapi?" Ulikuwa unauliza hivyo hata funguo zikipotea, hata babu alipochelewa kurudi kutoka ziwani.

Basi nikauliza iko wapi. Nikaandika nywila kwa kukisia ilipo sehemu yake, nikabonyeza, feni ikapanda pumzi. Kumbe imenifungulia mlango. Kumbe ipo hai. Nikafuata nyaya kwa vidole, mmoja mmoja. Wa spika ulikuwa mahali pake. Wa skrini nao ulikuwa mahali pake, na kando yake, nyuma ya skrini, vidole vikakuta tundu dogo ambalo sikuwahi kulitumia. Nikachomeka visikizio vya kazini humo.

Ilikuwa inaongea. Kwa sauti ndogo, ya mbali, ilikuwa inataja vitu vilivyo mbele yangu: menyu, kitufe, dirisha. Muda wote ule ilikuwa ikiongea, ila toleo jipya lilikuwa limeielekeza kwenye skrini, na skrini yangu haina spika. Nililia kidogo, Nuppu akaamka. Halafu nikaingia kwenye mipangilio nikairudisha kwenye spika zake. Dakika tano tu.

Sikuandikii haya kukufundisha chochote. Nakuandikia kwa sababu hakuna mtu mwingine hapa duniani ambaye angetaka kujua habari za tundu la nyuma ya skrini.

Marjukka


Kurkilampi, 19 Aprili

Marjukka mpwa wangu,

Salamu kwa mama yako, na asisuke sweta. Raili anakusalimu. Yuko jikoni, na safari hii ameingia ndani.

Barua hii nimeiandika siku nne. Herufi nimezikuza mpaka neno moja linajaza nusu ya skrini, na ninaziangalia kwa pembeni, kama mtu anayemtazama binti wa watu kanisani.

Uliuliza naona nini. Nitakujibu kwa kuanzia Juni ya mwaka jana. Nilikuwa napaka rangi fremu ya dirisha, nikaona imepinda. Nikachukua timazi yangu ya kazini, ile ya shaba ninayopimia kama kitu kimesimama wima, nikaining'iniza pembeni ya fremu. Timazi haidanganyi, nimeiamini miaka thelathini na minane. Nikatazama uzi wake. Uzi wenyewe ulikuwa umepinda. Umening'inia na uzito wake wote chini, na umepinda.

Nikaikunja timazi nikairudisha kwenye sanduku, nikamaliza kupaka rangi. Sikumwambia mtu.

Barua yako ya Februari sauti haikunisomea, maana sina sauti. Nilimwomba Raili anisomee. Alipofika kwenye swali lako akavaa koti, akaenda kuwasha gari. Nilikaa ndani siku mbili nikikataa. Alikuwa anakuja kila baada ya saa chache kuwasha gari upya ili injini isigande, mpaka nikaona aibu kwa ajili ya mafuta yake.

Daktari ni mwanamke mdogo mwenye mikono ya baridi. Jicho la kushoto limechelewa, katikati pameshakuwa kovu. La kulia lilikuwa limeanza tu. Wananichoma sindano ndani yake kila mwezi, na haiumi kama unavyodhani. Nimeshachomwa mbili. Amesema la kulia linaweza kubaki lilivyo kwa miaka mingi, mradi nisiache hata mwezi mmoja. Nikamuuliza kama ningekuja Juni ingekuwaje. Akaweka kalamu mezani. Nikamwambia asijibu.

Sasa la kwako. Ulikuwa na miaka mitano uliponiuliza mara ya kwanza dirishani kuna nini. Nilikuwa kijana asiye na mke, ninayejua nyaya tu. Nilitazama nje nikakwambia kuna theluji. Ukasema, "Ya namna gani?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Kuanzia siku ile nilianza kutazama. Kila nilichokiona maishani nilikiona kwa sababu ningekuja kukwambia.

Nilifikiri siku nikishindwa kutazama, hutakuwa na sababu ya kuniandikia. Ndiyo maana sikuja. Ungeniweka mbele ya skrini yako na ningekaa pale kama gogo. Batamaji wale wa Oktoba walikuwa wa mwaka ule uliponiuliza mara ya kwanza. Ule mwezi sijui ni wa lini. Nilifumba macho, nikaviona vyote wazi, nikaviandika. Sikudhani nadanganya. Mara nyingine mimi mwenyewe sikujua nimeviona au nimeviota, na nilipokuwa nakuandikia ilikuwa raha kutojua.

Wewe ndiye mtu pekee ninayemfahamu ambaye angeelewa, na wewe pekee ndiye niliyeshindwa kumwambia. Hilo nimelifikiria sana kwenye gari la Raili.

Raili ananiambia nikuulize kitu, mimi nimekataa, kwa hiyo nakuuliza kwa niaba yake. Ile sauti yako, inaweza kukaa kwenye mashine yangu? Mashine yangu iko kwenye toleo la zamani kuliko hilo ulilolihama. Nilikuwa nakushauri ungoje, kumbe mwenyewe nimengoja miaka sita.

Mjomba wako


Tampere, 22 Aprili

Mjomba,

Inaweza. Nakuja wiki ya sikukuu ya kiangazi, mwezi Juni, na Nuppu, kwa treni ya saa tatu, ile yenye mageuzi ya vijana. Usiguse kitu mpaka nifike.

Mama amesema nikwambie neno moja tu, "Mjinga." Alikuwa analia alipolisema.

Marjukka


Tampere, 30 Juni

Mjomba Kauko,

Tumefika salama. Nuppu alilala njia nzima akinuka ziwa, na abiria wa mbele yetu akafungua dirisha. Kikohozi cha mama kimekwisha. Kile alichokuwa anasuka ni soksi, na ni za Raili.

Natumaini sauti umeipunguzia kasi kama nilivyokuonyesha. Asubuhi ile mezani kwako, ilipojiwasha upya na kutamka neno lake la kwanza, nilikusikia ukirudisha kikombe kwenye sahani taratibu sana, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Kisha ukasema inaongea haraka kama dada yako. Nimemfikishia. Mazoezi ni nusu saa kila siku, na usiibishie, haisikii.

Mama ameshanifanya nimsimulie mara tatu habari za safari yetu ya mashua ya kwenda kwa Raili. Kila mara anauliza tulikuwa na akili gani, nami namweleza tulivyopanga. Wewe upige makasia, maana mpiga makasia hugeuzia mgongo kule anakokwenda, hata mwenye macho mazuri. Mimi nikae nyuma nikisikiliza redio ya Raili iliyo kwenye gati lake, nikuambie kulia au kushoto. Namweleza ziwa lilivyokuwa, hakuna upepo, maji yanadondoka kutoka kwenye makasia matone matone, jua la kiangazi, saa nne za usiku, bado liko usoni kwangu kama kiganja. Namwambia nilitamani tusifike. Na kwamba hakuna kati yetu aliyefikiri kuwa usiku wa sikukuu kila nyumba ya ufukweni imefungulia redio ileile, kipindi kilekile.

Hapo mama anacheka mpaka muuguzi anakuja.

Lakini kuna sehemu ambayo hata wewe huijui. Yule mama mwenye nyumba tuliyoifikia kwa kupotea, aliyetupa kahawa na stroberi bila kuuliza sisi ni akina nani, amekutana na Raili dukani, na Raili amenipigia. Unakumbuka tulipokuwa tunashuka, alituuliza nani kati yetu anamwongoza mwenzake, kisha akacheka kwa muda mrefu nasi hatukujua anacheka nini. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya Nuppu. Raili anasema yule mama amemsimulia dukani mbele ya watu wote: alipouliza, hatukujibu kwa mdomo. Tulisimama pale gatini tumeshikana mikono, na kila mmoja, kwa mkono uliobaki, akamnyooshea mwenzake kidole.

Marjukka wako